Ndiyo ya Mtahiniwa Namba 31

Kambi ya mgodi, Geita
4 Februari 2024

Kwa mpwa wangu Ritha,

Mwangaluka. Nimekupigia simu mara sita tangu Ijumaa na hupokei. Mara ya saba niliona aibu, mtu mzima kulilia simu kama mchumba. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii nampa Masele, dereva wa basi la wafanyakazi, akufikishie hapo ofisini kwenu mjini.

Huku habari zimeenea kwamba mtahini wa Kiingereza ni binti mmoja mrefu wa Shinyanga, hacheki na mtu, anaitwa Madamu Ritha Gelasius. Wenzangu wanatetemeka. Mimi nacheka moyoni, kwa sababu madamu huyo nilimbeba mgongoni kutoka Songwa mpaka zahanati ya Mwadui siku alipojimwagia uji wa moto. Lakini sijamwambia mtu kwamba wewe ni mtoto wa dada yangu.

Sasa nisikilize. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kuendesha lori la mawe chini ya ardhi, kwanza kwenye almasi, sasa kwenye dhahabu. Wameleta sheria mpya: ikifika mwisho wa Machi, dereva asiyefikisha alama sitini za Kiingereza hashuki tena chini. Atapewa kazi ya juu ikiwepo, na isipokuwepo ataaga. Nina miaka hamsini na moja, Ritha. Ninachojua mimi ni Kiingereza cha redioni, simama, nenda, rudi nyuma, njia nyeupe. Kimenitosha miaka yote hiyo na sijamgonga hata mbuzi.

Siombi unipe majibu. Naomba uniambie tu wanauliza mambo gani, nijue nisimame wapi. Situlii. Nakula nimesimama. Juzi niliingiza lori gereji nikasahau nimefuata nini, nikalitoa tena. Mama Abel akiniuliza kwenye simu nina nini, namwambia ni joto.

Mjomba wako,
Bujiku


Geita mjini
7 Februari 2024

Mjomba Bujiku,

Shikamoo. Simu sipokei kwa sababu tulisainishwa karatasi: mtahini asiwasiliane na mtahiniwa kwa simu wala kwa ujumbe wa simu. Barua hawakuitaja. Nadhani hawakufikiri kwamba kuna mtu bado anaandika. Nimeisoma karatasi hiyo mara tatu kabla ya kuthubutu kukujibu.

Karatasi hiyohiyo ina sehemu ya kutaja ndugu yeyote aliyeko kwenye orodha ya watahiniwa. Niliiacha tupu. Ningekutaja wangenihamisha kituo, au wangeniondoa kabisa, na nimekaa miaka minne nyumbani Ngokolo na digrii yangu ya Kiingereza ikiwa ndani ya bahasha, nikimsaidia mama kuchambua mchele. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya maana. Kwa hiyo naomba siku hiyo tusijuane. Usiniite mama, usiniulize habari za nyumbani. Mimi nitakuita mtahiniwa namba 31.

Maswali siwezi kukwambia. Nakwambia ninachomwambia kila mtu: sikiliza swali mpaka mwisho, na ujibu kwa sentensi nzima, si neno moja. Halafu ile r, mjomba, tafadhali. "Road" ni barabara, "load" ni mzigo. Ukisema mzigo uko wazi badala ya barabara iko wazi, mimi nitakuelewa, mashine ya kurekodi haitakuelewa.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nakuombea.

Mpwa wako,
Ritha


Kambi ya mgodi
23 Februari 2024

Madamu Mtahini,

Mtahiniwa namba 31 anakusalimu. Matokeo yamebandikwa leo karibu na bwalo la chakula. Nimepata hamsini na mbili. Nilisimama pale mpaka watu wakadhani nasubiri wali.

Huo msemo wako wa kushindwa na mshindani nimeukumbuka vizuri. Ungekuwa karibu ningekurudishia.

Siku ya mtihani nilifanya ulivyotaka. Sikukuita mama, nilikuita "madam" mpaka ulimi ukauma. Ulinitazama kana kwamba mimi ni ukuta, na nilijisemea sawa, hii ndiyo kazi yake, mtoto amesoma. Lakini Ritha, hamsini na mbili! Nilieleza namna ya kuzima moto, nilieleza alama zote za barabarani, zile za njano na zile nyekundu. Kama ni r, unajua sisi Wasukuma tumezaliwa na l, r tunaazima kwa jirani. Wewe mwenyewe uliipata kwa sababu baba yako ni wa Ushirombo.

Hawakungoja mwisho wa Machi: kuanzia Jumatatu sishuki. Wamenipa boza la maji nimwagie barabara za juu vumbi lisiruke, na hiyo ni mpaka mwisho wa Machi tu. Baada ya hapo hawajasema. Nataka kujua nilianguka wapi. Sitaki barua ya kunipa pole, nataka kujua.

Bujiku Ndaki


Geita mjini
27 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hukuangushwa na r. R ilikugharimu alama tatu tu.

Ulianguka swali la kumi na nne, lenye alama kumi na mbili. Ni swali la usalama. Nilikuuliza kwa Kiingereza: je, huwashi lori kabla ya kukagua breki? Ukajibu "yes." Kimya. Nikasubiri uongeze maneno, hukuongeza. Nilikuonya mapema kuhusu neno moja.

Najua ulichomaanisha. Kwa Kiswahili ukiulizwa "Hujala?" unajibu "Ndiyo, sijala." Unakubaliana na aliyeuliza. Kiingereza hakiko hivyo. Kwake "yes" maana yake jambo lenyewe lipo, kwa hiyo ukisema "yes" umesema unawasha lori bila kukagua breki. Ulipaswa kusema "no." Huo ndio mtego wa maswali ya kukanusha, na umewanasa wengi kabla yako. Karatasi ya kusahihishia inasema wazi: jibu la hatari linapata sifuri. Bosi wa chini ni Mzungu, hawezi kusikia Kiswahili kilichojificha ndani ya Kiingereza chako. Mimi sikuitunga lugha hiyo.

Naomba usinichukie. Mama amenipigia jana kuniuliza kama nimekuona, nikasema bado hatujakutana.

Ritha


Kambi ya mgodi
15 Machi 2024

Ritha,

Barua yako sikuijibu kwa sababu nilikuwa naijibu kichwani kila siku, na majibu hayo hayaandikiki. Sasa limetokea jambo, na kabla hujalisikia limeongezwa chumvi, lisikie kwangu.

Kazi ya boza ni kuzunguka. Namwagia barabara, nikifika mwisho jua limeshaikausha nyuma yangu, naanza upya. Jumatano, saa nane mchana, muda wa kulipua baruti ulikuwa umefika. Utaratibu ni kwamba kila anayeshuka anatundika kibao cha jina lake pale mlangoni, na akipanda anakitoa. Msimamizi wa vibao siku hizi ni Evance, yule kijana uliyempa themanini na saba. Redio yangu ilikuwa wazi. Nikamsikia mkuu wa ulipuaji, yule Mzungu wa sauti nzito, anauliza kwa Kiingereza: je, George hajatoka? Evance akajibu, "Yes."

Mimi nilimwelewa Evance. Ndiyo, hajatoka, kibao chake bado kinaning'inia. Mzungu naye akaelewa kwa Kiingereza chake kwamba George ametoka, akaanza kuhesabu kurudi nyuma. Hapohapo nikakumbuka breki zako. Ingekuwa mwezi wa kwanza nisingeona hatari yoyote, ningeendelea kumwaga maji. Nilikamata redio nikapiga kelele, "No! No! George chini! George chini!" Nikapiga na honi bila kuiachia. Hesabu ilikuwa imefika sita. Ikasimama.

George ni fundi wa mabomba. Alipanda baada ya robo saa, buti moja mkononi, kokoto ilikuwa imemwingia, akauliza kwa nini tunamtazama kama maiti. Evance alikaa chini akatapika. Si kijana mbaya, na hakuwa amekosea kuhesabu vibao.

Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kuingilia redio ya ulipuaji bila ruhusa. Imeandikwa kwa Kiingereza. Nimeisoma yote nikaielewa, labda uniongezee alama.

Tangu siku hiyo siwezi kukaa. Nikikaa naisikia ile hesabu. Nina swali moja tu, na nakuuliza kama mjomba wako, si kama namba. Evance naye aliulizwa lile swali la breki. Alijibuje?

Bujiku


Geita mjini
17 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Alijibu "yes."

Nimeisikiliza sauti yake mara tano tangu Masele aniletee barua yako. Swali lilelile, neno lilelile moja, na kimya kilekile baada yake. Na mimi nimempa kumi na mbili kati ya kumi na mbili. Evance amesoma shule za Kiingereza, r zake zinabingirika, anasema "madam" kama mtangazaji wa redio. Nilikuwa nimeshampa alama kabla hajamaliza kufungua mdomo. Nimerudia na sauti za wengine. Wako saba waliojibu hivyo nikawapitisha, na wanne niliowaangusha.

Wewe ni mmoja wa wale wanne, na sababu yako wewe ni mbaya kuliko zote. Niliogopa. Nilikaa mbele yako nikiwaza, siku wakigundua ni mjomba wangu watasema nimempendelea. Kwa hiyo kila ulipokosea nilikata, na pale ambapo mwingine ningemsubiri amalize, wewe sikukusubiri. Nilikukata mpaka nikajiona msafi. Nilipokuandikia kuhusu karatasi ya kusahihishia nilikuwa najua kwamba nimekubana kuliko wengine. Ungepewa kile nilichompa Evance ungekuwa na sitini na nne, na ungekuwa chini unaendesha lori lako.

Nimeona haya kuandika mstari huu lakini nauandika: nilikuonea, mjomba.

Kesho naingia kwa mkuu wetu, Bwana Colin. Nitamwambia matokeo yote yafutwe. Sijala tangu asubuhi, nazunguka chumba hiki kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ritha


Geita mjini
19 Machi 2024

Mjomba,

Hujajibu na sikulaumu. Lakini jambo hili halisubiri Masele aniletee jibu lako.

Niliingia kwa Bwana Colin jana saa nne asubuhi. Nilimweleza kila kitu kuhusu swali la kumi na nne, kwa Kiingereza safi, wala sikubabaika. Alisikiliza. Mwishoni akavua miwani, akaniuliza: je, huyaamini matokeo haya?

Nikasema, "Yes."

Akatabasamu, akasema vizuri sana, akasaini faili, akanipa mkono. Nikamshukuru! Nilitoka nikiwa mwepesi, nikashuka ngazi, nikanunua maji pale nje. Nilipofungua chupa ndipo nikasikia nilichosema. Nilirudi mbio. Alikuwa ameshaondoka kwenda Mwanza, na faili limekwenda mgodini. Sasa imeandikwa kwamba mtahini mwenyewe anayaamini matokeo, na ameulizwa ana kwa ana.

Mimi, mjomba. Mwenye digrii. Niliyekuandikia kurasa nzima kuhusu mtego wa kukanusha. Sijui kama nilitaka kulia au kucheka, nilifanya vyote nikiwa nimeshika ile chupa.

Ningeweza kukuambia kwamba alikataa, na usingejua. Nilifikiri kufanya hivyo.

Ritha


Kambi ya mgodi
21 Machi 2024

Ritha,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja. Ya kwanza niliisoma nikataka kuichana. Ya pili niliisoma nikacheka mpaka George akaja kuuliza kuna nini, kisha nikakasirika kwamba nimecheka.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Umeonja sasa.

Nakwambia kweli, ingekuwa wewe uliniangusha kwa kutojua ningeshasahau. Kinachoniuma ni kwamba uliniona. Wenzangu uliwaona kama namba, mimi uliniona ni mjomba wako, ukaninyima kwa sababu hiyo. Hata adui angenisahihisha vizuri zaidi.

Zimebaki siku kumi. Mdomo umeshakudanganya mara moja, basi tumia mkono. Mwandikie. Sentensi nzima.

Bujiku


Ngokolo, Shinyanga
6 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwa mama.

Nilimwandikia Bwana Colin siku ileile niliyopata barua yako. Niliandika kwamba siyaamini matokeo, na kwamba niliposema "yes" nilikuwa najibu kama Mtanzania. Nikaandika pia kwamba mtahiniwa namba 31 ni kaka wa mama yangu na kwamba nililificha hilo. Ningeweza kuliacha. Lakini ningeficha moja wasingeniamini lingine.

Umeshasikia kwamba matokeo yamefutwa na mtarudia na mtahini mwingine. Mkataba wangu umevunjwa siku ya tatu. Sasa wanachunguza kama nilikosea tu au niliharibu kwa makusudi. Wakiona ni makusudi jina langu litaondolewa kwenye orodha ya watahini, na hakuna kituo kitakachonipokea tena, si Geita tu, popote. Bwana Colin atakuja mwenyewe kuwahoji wale wanne.

Sikuombi unitetee. Ukiulizwa, sema kweli. Nimechoka na mambo ya kuficha. Mama nimeshamweleza yote. Hakunipiga kofi, lakini aliniacha peke yangu na mchele mpaka jioni. Alipofungua mdomo aliniuliza jambo moja tu: kaka yangu amesema nini?

Nasubiri hapa, nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Ritha


Kambi ya mgodi
20 Aprili 2024

Kwa mpwa wangu Ritha,

Mwangaluka, mama.

Nimerudia mtihani Alhamisi. Mtahini ni mzee mmoja wa Mwanza anaitwa Marcel, mpole, anakohoa sana. Nimepata sitini na sita. Alama zote za r alizila. Lakini maswali ya kukanusha niliyajibu kwa sentensi nzima, moja baada ya jingine, mpaka akaacha kukohoa na kunitazama. Jumatatu nashuka na lori langu. Mwambie dada yangu hilo kwanza, kabla ya mengine.

Kuna jambo jingine pia. Evance na mkuu wa ulipuaji wamekubaliana wenyewe kwamba pale mlangoni hakuna tena "yes" wala "no." Mzungu anauliza George yuko wapi, naye Evance anajibu George yuko chini, au George yuko juu. Kwa Kiswahili. Mzungu anasema "cini." Tunamvumilia.

Sasa habari yako. Bwana Colin alikuja jana. Alituita mmoja mmoja. Alikuwa na barua yako mezani, amepigia mistari mingi chini. Alinitaka nijibu kwa Kiingereza, kwa sababu mkalimani hakufika. Aliniuliza habari za Songwa, za undugu wetu, nani alijua na nani hakujua, nikajibu vizuri tu.

Halafu akashika kalamu akaniuliza swali la mwisho. Aliliuliza vilevile, kwa kukanusha. Watu hawa hawajifunzi. Je, binti huyu hakukutendea haki?

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, Ritha. Nilikuwa nimeiandaa tangu Februari, hata r zake nilikuwa nimeshazipanga. Na uliniomba niseme kweli, nami sijawahi kudanganya mbele ya karatasi. Bado nina uchungu na wewe, usidhani umekwisha. Utakuja hapa, utakaa mbele yangu, utanitazama vizuri kama mtu, ndipo tutaumaliza.

Nikasema, "Yes." Nikafunga mdomo.

Alisubiri kidogo. Kisha akaandika kwamba ulinitendea haki, akageuza karatasi nikasaini.

Mimi nilijibu kwa Kiswahili.

Mjomba wako,
Bujiku